Aliyesaini Barua ya Atuganile

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Atuganile ni kwamba hakuitika nilipomkaribisha. Alikuwa amesimama mlangoni pa steshenari ya baba mdogo Habibu, pale Kihesa, amekumbatia faili la plastiki kifuani kama mtu aliyebeba kuku anayeweza kumponyoka. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa udongo, na kwenye kilemba chake lilining'inia jani kavu la paini, jembamba kama sindano.

"Karibu, mama," nilimwambia.

Hakutikisika. Alinitazama tu, kwa utulivu, kana kwamba maneno yangu yalikuwa bado hayajamfikia.

"Karibu ndani, mama."

Hapo uso wake ukafunguka, akaingia. "Asante, mwanangu. Usinione nina kiburi. Mimi huitika ya pili."

Baba mdogo alikuwa nyuma ya mashine ya fotokopi, naye hapitwi na mazungumzo ya mtu. Alitaka kujua kwa nini. Mama Atuganile akaeleza bila haya. Alikuwa msimamizi wa kitalu cha miche huko Mafinga, kando ya msitu wa Sao Hill. Asubuhi za kipupwe ukungu hushuka mle kitaluni hadi mtu asimwone mwenzake aliye tuta la pili. Ndani ya ukungu huo sauti huita. Ikikuita mara moja, wenyeji wa kazi hunyamaza na kuendelea kujaza udongo kwenye viriba. Aliye hai na mwenye shida na wewe ataita tena.

"Basi wewe mama siku ukiitwa peponi utawachelewesha wenzako foleni," alisema baba mdogo.

"Malaika wana adabu, mzee. Wataita mara mbili."

Tulicheka sote watatu. Ndipo akafungua faili lake na kunieleza shida iliyomleta, na tangu siku hiyo shida yake ikawa kazi yangu.

Alikuwa na mtoto mmoja, Goodness, muuguzi, aliyeolewa na kuhamia Ulaya. Mama Atuganile hakuitaja ile nchi hata mara moja. Yeye alisema tu "kwa Goodness", kama vile ni nyumba iliyo mtaa wa tatu. Goodness alikuwa amepoteza mimba mbili. Hii ya tatu ilikuwa imeshikilia, lakini madaktari walimlaza kitandani nyumbani kwake asiinue hata ndoo, na mumewe alifanya kazi baharini, miezi kwa miezi hayupo. Alitaka mama yake awe naye kabla ya kujifungua na akae mpaka mtoto apate nguvu. Kwa muda mrefu namna hiyo, viza ya kutembea haitoshi. Inatakiwa viza ya kukaa, na anayeiomba lazima athibitishe kwamba ana kazi, kwamba kazi hiyo inamlipa, na kwamba itakuwepo atakaporudi.

"Hapo ndipo nilipokwama," alisema. "Kazi ninayo. Mshahara napokea. Ila karatasi sina. Baba Edmund aliniajiri kwa mdomo, Goodness akiwa darasa la pili."

"Huyo Baba Edmund yupo?" nilimuuliza.

"Yupo. Atakuwa wapi?"

"Basi hakuna kilichoharibika. Atakuandikia barua."

Nilisema hivyo kwa uhakika mkubwa, kwa sababu nililiamini jambo lenyewe. Nilichapa rasimu ya barua ya mwajiri: cheo, mwaka wa kuanza kazi, mshahara, likizo aliyopewa, ahadi ya kumpokea tena. Tuliomba taarifa ya miamala ya simu yake, nayo ikaja safi. Kila mwisho wa mwezi, miaka nenda miaka rudi, jina lilelile lilikuwa limemtumia mshahara: Edmund Mwasumbi. Leseni ya biashara ilikuwa ya Edmund Mwasumbi. Nilipozipanga karatasi mezani zilitazamana vizuri, kila moja ikiunga mkono nyenzake. Baba mdogo akaniambia nibebe kompyuta mpakato na ile printa ndogo niende Mafinga naye, ili kama bosi akitaka kubadilisha neno nilibadilishe palepale.

Tulifika kitaluni asubuhi, na ukungu ulikuwa bado umelala. Niliwasikia wafanyakazi kabla sijawaona: koleo likikwaruza, mtu akipiga mwayo, mwanamke akiimba chini kwa chini. Tulipita kati ya matuta, miche midogo ya paini ikitugusa vifundoni kama mikono ya watoto yenye baridi.

"Atuganile!" sauti ya mwanamume iliita kutoka upande wa msitu.

Mama Atuganile hakugeuka. Aliendelea kutembea, nami nikamfuata, mgongo ukinisisimka ingawa nilijua desturi yao. Tukapiga hatua kadhaa ndani ya weupe ule. Nilijikuta naisubiri ile sauti ya pili.

"Atuganile! Mlete huyo mgeni huku, kuna moto!"

"Abee, Baba!" aliitika.

Ofisi ilikuwa chumba cha mbao chenye jiko la mkaa. Ukutani palikuwa na picha ya mzee mmoja aliyevaa koti zito la kijivu, macho yamekunjwa kama anayetazama jua. Aliyetupokea alikuwa amevaa koti lilelile, lakini yeye alikuwa kijana. Simkadirii kupita sana miaka thelathini. Mabega ya koti yalimzidi, mikono ilimfika kwenye vidole. Nilifikiri moyoni: huyu ni mtoto, na yule wa ukutani ni baba yake, wamepeana jina. Familia nyingi hufanya hivyo.

"Kamwene, binti," alinisalimu kwa Kihehe, sauti nzito kuliko umbo lake. Alikohoa kikohozi kikavu, akagonga meza kwa vidole viwili, kisha akaisoma barua yangu yote bila haraka. "Imeandikwa vizuri. Lakini hapa umeandika mwaka tu. Siku ile ilinyesha mvua. Huyu mama alikuja kuomba kazi na miavuli miwili, mmoja umevunjika mbavu. Nikamwambia, mtu anayebeba mwavuli mbovu pamoja na mzima, huyo hatatupa mche wangu hata ukinyauka. Nikamwajiri."

"Ni kweli, Baba," alisema Mama Atuganile, akitabasamu chini.

Nilipiga hesabu bila kutaka. Mwaka ule kijana huyu angekuwa mwanafunzi wa shule. Nikajiambia kuwa alisimuliwa. Alishika kalamu, akasaini kwa mkono uliozoea, saini ndefu yenye mkia, akagonga muhuri, akampa Mama Atuganile barua kwa mikono miwili. "Nenda kwa mtoto wako. Nafasi yako hapa hakuna atakayeigusa."

Tulituma maombi. Goodness alipiga simu akilia kwa furaha, na Mama Atuganile akamwimbia wimbo wa kumnyamazisha, palepale kwenye steshenari, wateja wakisubiri fotokopi zao kwa heshima.

Kisha ikaja barua pepe ya ubalozi. Niliisoma peke yangu kwanza, nikaisoma tena, ndipo nikamwita baba mdogo. Iliandikwa kwa adabu. Ilisema kwamba katika uhakiki wao wamebaini mlipa kodi aitwaye Edmund Mwasumbi alifariki mwaka juzi. Hata hivyo barua ya ajira ilisainiwa naye mwezi uliopita, mishahara ilitumwa naye hadi mwezi uliopita, na ofisa wao alipopiga namba ya mwajiri, alipokea mwanamume aliyejitambulisha kuwa ni Edmund Mwasumbi. Mwombaji aeleze. Ikionekana amewasilisha nyaraka za kughushi, ombi litakataliwa, wala hataruhusiwa kuomba tena kwa miaka mingi.

Mama Atuganile alipokuja nilimsomea neno kwa neno, nikiogopa kumtazama. Nilitegemea atashika kichwa. Yeye aliitikia kwa kutikisa kichwa kila mstari, kama mtu anayesomewa habari anayoijua.

"Ndiyo," alisema. "Alikufa. Tulimzika kwao Tukuyu. Mvua ilikuwa nyingi mno, kaburi likawa linajaa maji."

Baba mdogo aliacha mashine ikitema karatasi. "Astaghfirullah. Sasa mama, barua ya mwezi uliopita amesaini nani?"

"Baba Edmund."

"Yupi?"

"Kwani wako wangapi?"

Hakuwa anatutania. Ilituchukua muda kuelewana, na tulipoelewana nilihisi baridi ya kitaluni ikinirudia katikati ya jua la Kihesa. Katika ukoo wa Mwasumbi, mwenye nyumba hafi akaisha. Matanga yakishaanuliwa, ndugu humchagua mmoja wao, wanamvika vazi la marehemu, wanamkalisha kwenye kiti chake, na dada wa ukoo anatamka mbele ya watu kwamba huyu ndiye. Kuanzia hapo anaitwa jina la marehemu, anapewa heshima yake, anabeba kazi zake na maneno yake. Safari hii alichaguliwa mdogo wa mwisho wa marehemu, kijana aliyekuwa akiitwa Amos.

"Mwanzoni hata sisi kazini tulijikanyaga ndimi," alisema Mama Atuganile. "Tukawa tunasema Amos, tunajisahihisha. Baadaye hatukuhitaji tena. Siku moja alikuja kitaluni akaenda moja kwa moja kwenye tuta lililokuwa na ugonjwa, ugonjwa ambao marehemu aliuficha hata mimi nisiujue. Akasema, huu niliuacha hapa. Tangu hapo simwoni mwingine."

"Lakini ni kijana, mama," nilisema.

"Huo ni mwili tu, mwanangu."

Hakuna aliyedanganya, na hilo ndilo lililonitia uchungu. Wote walisema ukweli wanaouishi, na ukweli huo ulipowekwa kwenye karatasi za ubalozi ukageuka kosa la jinai. Niliandika majibu ya kuomba muda. Kilichotakiwa kilikuwa wazi: Amos Mwasumbi, kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake cha taifa, aape mbele ya wakili kwamba kaka yake Edmund amefariki, kwamba yeye ndiye anayeendesha kitalu na kulipa mishahara kwa kutumia laini ya marehemu, na kwamba ajira ya Atuganile ni halali. Nilidhani ni ukurasa mmoja na saini moja.

Tulirudi Mafinga. Yule kijana alitusikiliza akiwa amekaa chini ya ile picha, vidole viwili vikigonga meza.

"Siwezi," alisema kwa upole. "Amos tulimzika."

"Baba, ni kwa karatasi tu," Mama Atuganile alimsihi. "Goodness yuko kitandani peke yake."

"Atuganile, ningekunyima mimi? Nimekupa likizo, nimekupa barua. Lakini unaniomba nimlete mtu ambaye hayupo. Nitamtoa wapi? Dada Rozalia alisema Amos kwaheri, Edmund karibu. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nililala siku ile nikasikia kama mtu anatoka mlangoni, na hajarudi."

Mjane wa marehemu, Mama Juliana, alikuwa amekuja na chai kutoka nyumbani kwake ng'ambo ya barabara. Alinivuta nje kwa ukanda wa pochi. "Usimshangae," aliniambia. "Amos alikuwa anaweka sukari mpaka kijiko kinasimama. Huyu anakunywa kavu, kama mume wangu. Anakohoa kama mume wangu. Juzi amenikumbusha ugomvi wetu wa mwaka wa kwanza wa ndoa, mimi na mume wangu tulikuwa wawili tu chumbani."

"Na wewe mama unamwitaje?"

"Namwita Baba, kama wengine. Ila kila mtu analala kwake, uandike na hilo." Aliinua kidevu. "Mimi hawakunirithisha. Mimi si koti."

Alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye dirisha la ofisi, na hakukaa karibu nalo.

Aliyeweza kulegeza jambo lile alikuwa mmoja tu, dada yake aliyemvika. Kwa hiyo tulisafiri naye hadi Mbeya, Uyole, kwa Shangazi Rozalia. Nilitegemea kumkuta mtu wa kutisha. Nilimkuta mama mnene mwenye miwani, anachambua maharage huku redio ikiimba kwaya. Alimwinukia yule kijana, akapiga goti kidogo. "Kaka, umefika," alimwambia, ingawa Amos alizaliwa yeye akiwa ameshaolewa, na alimbeba mgongoni.

Mama Atuganile alipiga magoti, akaeleza yote kwa Kinyakyusa. Jina la Goodness nililisikia likitajwa mara nyingi. Shangazi Rozalia aliendelea kuchambua maharage hadi mwisho, kisha akafuta mikono.

"Mimi nina watoto sita," alisema kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Wote niliwazaa mama yangu akiwa kichwani pangu. Nenda ukaape, kaka. Lakini koti utavua, nalo silitundiki kwenye msumari. Nitalishika mimi. Nisije nikawa na kaka wawili waliokufa na hakuna hata mmoja wa kumwamkia."

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya kwanza, mtaa wa Mwanjelwa, juu ya duka la vitenge. Wakili alikuwa mwanamke kijana aliyevaa suti iliyopigwa pasi vizuri, naye alishangaa kumwona mama mnene amebaki kwenye ujia, ameshika koti la kiume kwa mabega, limenyooka mbele yake kama mtu anayecheza naye muziki.

"Na huyo mama?" aliniuliza.

"Anatusubiri," nilijibu.

Mlango ulifungwa. Bila koti, yule kijana alikuwa amepungua. Alikuwa mwembamba, shingo yake imetoka kwenye kola kama ya mwanafunzi, na mikono haikujua ikae wapi. Wakili alimsomea: Mimi Amos Mwasumbi, mtu mzima, Mkristo, mkazi wa Mafinga, naapa na kutamka kama ifuatavyo. Alirudia maneno yote vizuri isipokuwa jina. Kwenye jina midomo ilitikisika, sauti ikakosekana. Wakili akasoma tena. Mara ya tatu jina lilitoka, dogo, kama la mtu anayeongea akiwa kisimani.

Katikati ya kiapo, simu ililia nje kwenye ujia. Ilikuwa ile simu ya biashara. Tuliijua kwa mlio wake wa zamani. Ilikuwa imebaki mfukoni mwa koti. Ililia, ililia, ikanyamaza.

Ukafika wakati wa saini. Alishika kalamu, na mkono ukaanza wenyewe: herufi E, ndefu, yenye kujiamini. Alishtuka akaiachia kalamu kama imemchoma. Wakili alimpa karatasi nyingine. Akaanza tena, na E ikatoka tena, ileile.

"Sijui yake ilikuwaje," alisema, na machozi yalimlenga. "Saini ya Amos. Nimeisahau kabisa."

Mama Atuganile alimshika kiganja, akakigeuza juu. "Dole gumba, Baba. Hicho hakisahau." Wakili alilinganisha kitambulisho na sura, akakubali. Wino ukapakwa, kidole kikakandamizwa, na hapo kwenye karatasi akabaki Amos, duara dogo la mistari ya buluu.

Tulipotoka, Shangazi Rozalia alikuwa amesimama vilevile, mikono yote miwili kwenye mabega ya koti. Alimvika. Yule kijana akakohoa, akasema kwa sauti nzito, "Tumemaliza. Twende tukale."

Nilituma hati ya kiapo, cheti cha kifo na nakala ya kitambulisho. Niliamini kwa dhati kwamba sasa kila kitu kimenyooka. Jibu la ubalozi lilikuja haraka kuliko nilivyotegemea.

Waliandika kwamba wameipokea hati ya kiapo. Lakini asubuhi ileile iliyoandikwa kwenye kiapo, ofisa wao alipiga tena namba ya mwajiri ili kuhakiki. Alipokea mwanamume, akajitambulisha kuwa Edmund Mwasumbi. Alisema Bi Atuganile ni mtu wake wa siku nyingi na aruhusiwe kwenda kwa mtoto wake. Alieleza hata siku alipomwajiri, kwamba ilikuwa mvua, na kwamba alikuja na miavuli miwili.

Baba mdogo alikaa chini. Mama Atuganile alifunika mdomo kwa khanga. Alikuwa wa kwanza kufikiri jambo la kufanya: alimpigia Mama Juliana, akamwomba atazame kwenye ile simu ya biashara orodha ya waliopiga siku ile.

Tulimsikia akibonyeza, akisoma kwa kunong'ona. "Hii hapa. Namba ya nje. Imepokelewa." Akaitazama tena. "Atuganile, imeongelewa muda mrefu."

Tukampigia Shangazi Rozalia.

"Mimi nilishika koti," alifoka. "Mikono yote miwili, wewe binti ulinikuta. Ulitaka nipokee simu kwa meno?"

"Shangazi, hukusikia mtu akiongea?"

Kwaya ilikuwa ikiimba nyuma yake. "Koti lilikuwa zito," alisema mwishowe, na akakata.

Sina maelezo ya jambo lile, na sitajifanya kuwa ninayo. Ninachojua ni kwamba ubalozi haukufunga mlango. Walitoa nafasi moja ya mwisho: mahojiano kwa njia ya video na mwajiri wa sasa. Aonekane uso, aonyeshe kitambulisho, ataje jina lake, athibitishe ajira. Yakilingana, ombi litaendelea. Yakipingana kwa neno moja, limekwisha.

Tukaanza kumfundisha mtu jina lake. Baba mdogo alikuja mwenyewe Mafinga, akakaa chumba cha pili na simu yake, akajifanya ofisa. "Habari za asubuhi. Mimi ni balozi Habibu kutoka kwenye theluji. Naongea na nani?"

"Naam, Edmund hapa," alijibu yule kijana, sauti nzito, bila kufikiri.

"Kwisha habari," alisema baba mdogo. "Mama keshabaki Mafinga. Haya, rudia."

Tulirudia, naye akakosea, akacheka, akakosea tena, kisha akaacha kucheka. Mama Atuganile ndiye aliyemvua koti. Alilikunja, akampa Mama Juliana, na Mama Juliana akalipeleka mwenyewe hadi Uyole pamoja na ile simu, imezimwa. Jioni ile wafanyakazi wawili waliomba ruhusa ya kwenda kwao. Walisema hawapendi kitalu kikae bila mwenyewe.

Kesho yake baba mdogo aliuliza tena, "Naongea na nani?" Kijana alikuwa ameketi na shati tu, akitetemeka kwa baridi. Alifumba macho.

"Amos," alisema. Haikuwa ile sauti tuliyoizoea. Ilikuwa nyembamba, yenye kukwaruza kidogo, ya mtu anayependa utani. "Amos Mwasumbi. Nipo."

Mama Atuganile aligeukia ukuta. Mabega yake yalitikisika. "Hiyo ndiyo sauti yake," aliniambia baadaye. "Mwanangu, nilikuwa nimeisahau. Tumeishi naye kila siku, na hakuna aliyemuulizia."

Lakini kila anapoulizwa, hatujui ni nani atakayejibu. Jana aliomba sukari, tukafurahi kama waliopata mvua. Leo alfajiri nilimkuta amesimama mbele ya ile picha, vidole viwili vikigonga ukuta taratibu, na nilipomwita kwa jina la Amos hakunisikia.

Goodness amelazwa hospitali tangu usiku. Ametuma ujumbe mfupi: mtoto ana haraka, na mama yuko wapi. Begi la Mama Atuganile limefungwa, lina nguo za sufu alizofuma mwenyewe, nyingine ndogo kama kiganja.

Sasa tumeketi ofisini, muda uliotajwa umefika. Mtandao unashika. Amos amewekwa mbele ya kompyuta, kitambulisho mkononi, shati limefungwa hadi shingoni. Kioo kimewaka na kinatuambia tusubiri. Mama Atuganile amesimama kando yake, anasogeza midomo bila sauti. Baba mdogo ameacha mizaha. Amos amelamba midomo, amenyoosha mgongo, na sote tumenyamaza, ili asikie vizuri atakapoulizwa yeye ni nani.